Unga Usio na Harufu

Donatha alikuwa selo tangu Jumatatu, na mtoto alizidi kuharibika. Hilo ndilo lililomkera mpelelezi Kimenyi. Mtu akifungiwa kwa ajili ya sumu, sumu nayo inapaswa kufungiwa pamoja naye.

"Faili liende kwa mwendesha mashtaka leo," alisema mkuu wake, Afande Valens, huku akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwishayeyuka zamani. "Mwanamke kaleta uji. Hakuuonja. Mzazi kaunywa, mtoto kanyonya, mtoto kaugua. Unataka nini tena? Akuimbie?"

"Nataka kujua ni sumu gani."

"Mtoto akifa daktari atatuambia."

"Mimi nataka kujua kabla hajafa."

Valens aliacha kukoroga. "Kimenyi, wewe ulizaliwa Karagwe. Huku kwetu mambo ya uji tunayajua."

Kimenyi alizaliwa Karagwe, ni kweli, wazazi wake wakiwa wakimbizi. Lakini hata kule Tanzania mama yake hakuwahi kumpa mgeni kinywaji bila kupiga funda la kwanza mwenyewe. Ndivyo Mnyarwanda alivyo popote alipo. Anayeleta kinywaji hukionja mbele ya macho ya anayepewa. Haulizwi, wala haambiwi. Asipoonja hakuna atakayesema kitu, ila kila aliyemo chumbani ataliona hilo na kuliweka moyoni. Na Donatha alikwenda kumpongeza mzazi kwa uji wa mtama, akaumimina mbele ya wanawake wote wa jirani, akamkabidhi mzazi huyo, Uwera, kikombe bila hata kulowesha midomo.

Tena si Donatha yeyote. Huyu aliwahi kuchumbiwa na Munyaneza, baba wa mtoto. Gisenyi nzima ilijua.

"Nipe mpaka jioni," alisema Kimenyi.

"Mpaka jioni. Kisha natia sahihi. Na mtoto akifariki, hii ni kesi ya mauaji, na yule dada atazeekea ndani."

*

Donatha alikuwa fundi wa kushona, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, na uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja. Kimenyi alidhani amelia sana. Alivuta kiti.

"Dada, kwa nini hukuuonja uji?"

"Kila mtu kaniuliza, na kila mtu nimemjibu."

"Mimi hujanijibu."

"Asubuhi ile niling'olewa jino. Walinikataza kitu cha moto siku nzima. Nikafikiri nitaeleza, lakini mdomo ulikuwa na ganzi, maneno yanatoka kama ya mlevi. Nikaona aibu. Nikampa tu kikombe."

"Fungua mdomo."

Aliwasha tochi ya simu akainama. Nyuma kabisa, chini upande wa kushoto, palikuwa na shimo ambalo nyama yake bado ilikuwa mbichi. Akapiga simu kwenye kliniki ya meno, akataja jina. Msichana wa mapokezi akasema ndiyo, jego, Jumamosi asubuhi, na tafadhali mwambie arudi kusafishwa.

Kimenyi alikata simu. "Na kwa nini umpelekee uji mwanamke aliyekunyang'anya mchumba?"

"Nani kaninyang'anya?" Donatha alicheka, kisha akashika shavu kwa maumivu. "Mimi ndiye niliyemkataa Munyaneza. Anakoroma, afande. Tulisafiri basi moja kwenda Kigali, watu wakaomba wahamishwe viti. Uwera kaniondolea mzigo. Uji ule ulikuwa wa shukrani."

Kimenyi hakucheka, lakini alisimama akiwa mwepesi zaidi. Alikuwa amebakiwa na swali moja.

"Uwera alikunywa kiasi gani?"

"Vikombe viwili. Tena akakomba na sufuria."

Na Uwera hakuumwa hata kichwa.

*

Hospitalini, Daktari Cyusa alimpeleka moja kwa moja kwenye kitanda cha mwisho. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miwani mikubwa na macho ya mtu ambaye hajalala.

"Mwangalie mwenyewe."

Mtoto Kirezi alikuwa bado hajatimiza miezi miwili. Kuanzia kiunoni kwenda chini ngozi ilikuwa nyekundu kama iliyomwagiwa maji ya moto. Kwenye mapaja na matako ilikuwa ikibanduka vipande vipande. Wekundu ulipanda mgongoni, ukafika shingoni, na viganja navyo vilikuwa vimeanza kumenyuka.

"Hakuungua?"

"Hakuungua. Ameletwa anatapika na kuharisha, jana akashikwa na degedege. Maziwa ya mama nimeyasimamisha, tunampa maji ya mshipani. Na bado anazidi."

"Kwa hiyo kitu hiki hakipiti mdomoni."

"Sikusema hivyo."

"Mimi nimesema. Anayeshukiwa yuko selo, maziwa yamekatwa, na mtoto anazidi. Kitu bado kinaingia, daktari. Kinaingilia humu humu wodini kwako."

Cyusa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sikiliza, afande. Tangu jana nepi zinatoka kavu. Figo zinafunga. Nikijua ni kitu gani, nitajua kama nimweke kwenye gari la wagonjwa aende Kigali akasafishwe damu, au nipambane hapa hapa. Milima yote ile, katika hali hii, safari yenyewe inaweza kummaliza. Sitaki kubahatisha."

Wakati huo bibi wa mtoto aliingia na beseni. Illuminée, mama yake Munyaneza, aliuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, ufukweni tangu ujana wake, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita wateja kushinda kelele za mitumbwi.

"Polisi! Umeshafunga muzuri yule muchawi, ama munamupikia chai?"

"Yuko ndani, mama."

"Akae humo. Uji bila kuonja! Mbele ya macho yangu! Hata mutoto mudogo anajua ile maana yake."

Alikuwa amevaa kandambili za plastiki. Kimenyi, kwa mazoea ya kazi, alimtazama kuanzia chini. Miguu ya mwanamke huyu ilikuwa mizuri kupita kiasi. Wauza sambaza wote aliowafahamu walikuwa na miguu iliyooza katikati ya vidole, myeupe, iliyochanikachanika, kwa kushinda majini na kwenye ndoo za samaki. Ya Illuminée ilikuwa mikavu, safi, kila kidole peke yake. Aliliweka hilo kichwani bila kujua la kazi gani.

Illuminée alimgeuza mjukuu wake kwa mikono ya mtu anayependa. Akaifungua nepi ya kitambaa, kavu. Akapangusa taratibu. Kisha akachomoa chupa kwenye kitenge chake, akaipiga kitakoni, unga mweupe ukamwagika juu ya ngozi iliyobanduka kama mvua ya chokaa.

Kimenyi alikuwa baba wa watoto wanne. Poda ya mtoto ukiifungua chumbani, aliye barabarani anajua. Hapa hakusikia harufu yoyote. Alivuta pumzi tena. Kwa mbali, kwenye chupa, palikuwa na harufu ya sambaza.

"Mama, ngoja kwanza. Hiyo ni nini?"

"Poda ya batoto. Macho hauna? Picha ya mutoto iko hapa."

Picha ilikuwapo, nusu imekwanguka. Chupa yenyewe ilikuwa kuukuu, kifuniko kimeliwa pembeni.

"Nipe niione."

"Nikupe ya nini?" Illuminée alisharudisha chupa ndani ya kitenge. "Muchawi beko naye, kisha bananipokonya poda ya mujukuu wangu! Mana yanjye! Mungu wangu!"

Uwera, mama wa mtoto, alikuwa ameketi ukutani muda wote kama kitu kilichosahauliwa. Sasa alisema, bila kuinua sauti, "Mama, mpe."

Chupa ikatoka.

"Umeanza lini kumpaka?" Kimenyi aliuliza.

"Alipoanza kuwa mwekundu kidogo kwenye matako," alijibu Uwera. "Wekundu wa kawaida wa nepi, kabla hata ya ule uji. Mama alisema poda ya dukani ni ya kurembesha tu. Akasema hii inaponya."

"Alinunua wapi?"

Uwera alimtazama mama mkwe wake. Illuminée alikuwa amekunja midomo.

"Kwa barrière, pale mupakani," alisema mwishowe. "Kwani ni kosa?"

Cyusa hakungoja zaidi. Aliita muuguzi, maji ya vuguvugu yakaja, na mtoto akaoshwa mara moja, kila mkunjo, mpaka maji yakatoka safi. Kimenyi alitia chupa kwenye bahasha ya kaki, akaibandika, akatia sahihi juu ya gundi, akampa daktari kalamu atie yake.

"Asipakwe kitu chochote mpaka nirudi," alisema.

"Hata ungeniomba nimpake, nisingempaka," alijibu Cyusa.

*

Petite Barrière mchana ni vurugu yenye mpangilio wake. Beseni za nyanya zinakwenda Goma, vitenge vinarudi, na wapagazi wanapita katikati wakipiga kelele watu wawapishe. Kimenyi hakwenda kwa maofisa. Alikwenda kwa wanawake wa samaki waliokuwa wakingoja foleni upande wa Rwanda, akachuchumaa, akawatazama miguu.

"Nyinyi mna miguu mizuri. Mnapaka nini?"

Walikufa kwa kicheko.

"Chef anaumwa miguu!"

"Vua kiatu tuone!"

"Mupeleke kwa Abdu! Abdu, mugonjwa wako huyu hapa!"

Abdu alikuwa mwanamume wa Goma mwenye kofia ya darizi, aliyevuka kila asubuhi na sinia lake la vitu vidogo: viwembe, mishumaa, sindano, betri. Chini ya sinia palikuwa na mfuko wa kitambaa wenye unga mweupe. Alipoona kitambulisho cha Kimenyi alisimama wima.

"Chef, mi niko mutu ya karatasi zote. Iko hapa, angalia."

"Sitaki karatasi. Nataka unga huo. Ni wa nini?"

"Ah, ile?" Abdu alishusha pumzi. "Ile iko ya kazi tatu. Ya kwanza, keram. Unapakaa juu ya ubao, kete zinakimbia vile moto. Ya mbili, mende. Mende anakula, anakwenda kufa kwake. Ya tatu, miguu. Banamuke yote ya sambaza banapakaa, miguu inakauka, inakuwa kama ya bibi harusi."

Ujanani, Karagwe, alishinda vibarazani akicheza keram. Unga ule aliushika kwa mikono yake miaka na miaka. Mweupe, mtelezi, hauna harufu yoyote.

"Mama Illuminée unamfahamu?"

"Iko client yangu wa zamani! Miguu yake ilikuwa imeoza kabisa. Leo mwangalie."

"Na mbona unga wako uko kwenye chupa ya poda ya mtoto?"

"Haiko mi, chef. Bon, sikia. Kule Goma tunapimia mu sachet ya plastiki. Kufika huku kwenu, sachet hapana, banainyanganya, na unga banamwaga. Donc kila mama analeta chupa yake. Yote banapenda ile ya poda ya batoto, iko na matundu muzuri juu."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakukuwa na mrogaji wala kisasi. Kulikuwa na mpaka usioruhusu mifuko ya plastiki, na chupa yenye matundu mazuri.

"Uliwahi kumwambia anaweza kumpaka mtoto?"

Abdu alirudi nyuma hatua nzima. "Mutoto? Oh non, chef! Mi nasema miguu! Mutoto amefanya nini?"

"Unga wenyewe ulitoka kwenye gunia gani?"

Abdu alipekua, akatoa kipande cha gunia alichokitumia kufunikia sinia. Herufi zilikuwa za Kifaransa, zimefifia, lakini zilisomeka. Kimenyi alipiga simu hospitalini, akamsomea daktari herufi moja moja.

Kisha Cyusa akasema, "Boriki. Asidi ya boriki. Njoo. Njoo haraka, na uje na unga."

*

Walifanyia jaribio kwenye ua wa nyuma wa hospitali, juu ya ukuta mfupi, mbele ya Afande Valens aliyekuwa amekuja kuona ni nini kilichochelewesha faili lake. Illuminée na Uwera walisimama pembeni. Cyusa aliweka mabakuli matatu ya bati. Kwenye la kwanza alitia poda halisi ya mtoto aliyoiazima kwa mzazi mwingine wodini. Kwenye la pili, unga wa Abdu. Kwenye la tatu, baada ya Kimenyi kuwaonyesha wote bahasha ilivyofungwa na kuichana, unga wa chupa ya Illuminée. Akamimina spiriti juu ya yote, akakoroga, akawasha kiberiti.

Bakuli la kwanza liliwaka kama spiriti inavyowaka, samawati na njano.

La pili liliwaka kijani. Kijani cha jani la mgomba lililolowa mvua.

Kiberiti kilisogea kwenye la tatu. Mwali ukaruka, na ukawa kijani vile vile.

"Mana yanjye," alisema Valens kwa sauti ndogo.

"Maabara ya Kigali itathibitisha kwa maandishi," alisema Cyusa, "lakini mimi sihitaji kungoja." Akamgeukia Illuminée, na hakumkaripia. "Mama, unga huu ni dawa, hukudanganywa. Unakausha kuvu ya miguu. Zamani watu waliosha macho kwa maji yaliyotiwa kidogo sana. Hata leo kuna wanawake ambao fangasi wa ukeni wamekataa kila dawa, nami nawaandikia vidonge vyake vya kuweka huko, si vya kumeza kamwe, wala si kwa mwenye mimba. Lakini kwenye ngozi iliyochubuka unaingia mwilini, na kwa mtoto mchanga ni sumu. Ngozi yake ilipobanduka ukaongeza unga. Ulipoongeza, ikabanduka zaidi. Kila nepi ilikuwa kipimo kipya."

"Iliponya miguu yangu," alisema Illuminée. Sauti ile ya ufukweni ilikuwa imekwisha.

"Miguu yako ina ngozi ya tairi, mama," alisema Kimenyi. "Ya Kirezi ni utando wa yai."

Illuminée alikaa chini, pale pale kwenye saruji. "Donc mi njo muchawi," alisema. "Nimefungisha mutoto ya watu, na muchawi ni mi."

Uwera aliinama, akamshika mkono, lakini hakumwinua. Alikaa chini pamoja naye.

"Na mtoto?" Valens aliuliza. "Iko dawa ya kuondoa sumu hii?"

"Hakuna," alisema Cyusa. "Kuna kuiosha, na hiyo tumefanya. Kuna kumjaza maji, na tunamjaza. Sasa nimejua napambana na nini, na nimejua haiingii tena. Akikojoa, figo zinaitoa zenyewe, na haendi Kigali. Asipokojoa kabla ya jioni, nitampandisha gari."

Basi walikaa wodini watu wazima watano, mpelelezi, mkuu wake, daktari, mama na bibi, wakiikodolea macho nepi moja. Muuguzi aliipima kwa kidole, akatikisa kichwa. Akaipima tena, akatikisa kichwa. Valens alikuwa amelisahau faili kwapani. Nje dereva wa gari la wagonjwa alishaanza kupasha injini moto.

Illuminée ndiye aliyeiona kwanza, maana alikuwa amepiga magoti karibu kabisa na kitanda. Doa dogo la unyevu kwenye kitambaa. Doa likapanuka. Likafika pembeni, likapita, likalowesha shuka.

"Amekojoa!" Sauti ya ufukweni ilirudi yote kwa mara moja. "Amekojoa! Njooni muone mukojo ya mujukuu wangu!"

Wodi nzima ililipuka. Wazazi wa vitanda vingine walipiga vigelegele wakiwa hawajui hata kisa. Cyusa alicheka huku machozi yakilowesha miwani. Valens, mtu mzito, mwenye nyota begani, alimkumbatia muuguzi asiyemfahamu, kisha akamwona Kimenyi akimtazama, akakohoa.

"Huyo dada mwenye jino," alisema, akimsukumia faili. "Kamtoe. Utie sahihi wewe. Na kule mpakani, kesho asubuhi, nawataka hao wauza samaki wote na chupa zao."

"Abdu nimeshamwachia kazi," alisema Kimenyi. "Kila anayenunua anatangaziwa kwa sauti, miguu tu. Wanasema anawaudhi."

"Awaudhi."

*

Siku Kirezi aliporudishwa nyumbani, ngozi mpya ikiwa imeota laini, wanawake wa jirani walijaa sebuleni kama mara ya kwanza. Kimenyi alikaribishwa kiti karibu na mlango. Munyaneza alikuwa amelala chumba cha ndani baada ya usiku wa kuvua, na mkoromo wake ulitikisa pazia. Kimenyi alimkumbuka Donatha kwenye basi la Kigali, akauma midomo.

Donatha alifika wa mwisho, na chupa ya chai mkononi. Alisalimia, akaketi, akafungua. Mvuke wa uji wa mtama ukapanda. Akamimina kikombe, na macho yote yakakifuata. Safari hii mdomo wake ulikuwa mzima. Alikiinua, akakisogeza midomoni ili aonje mbele ya kila mtu.

Mkono wa Illuminée ulimfikia kabla. Ulikichukua kikombe kutoka kwenye vidole vyake, kikiwa hakijaguswa na mdomo wa mtu, na yule mwanamke mzee akakinywa pale pale, amesimama, funda kwa funda, mpaka chini. Akajipangusa mdomo kwa kitenge.

"Sukari iko kidogo, binti yangu," alisema, akamrudishia kikombe. "Lakini niongezee."